Kifaa kimelala, nani kakiamsha? Devfreq na runtime PM ndani ya draiva moja

Swali

Shikamoo mwalimu. Ninaandika draiva ya kifaa cha kufungua video kilichomo ndani ya chipu ya ARM, kerneli 6.1. Nimeweka devfreq ili masafa ya kloki yapande na kushuka kufuatana na kazi: gavana, yaani sehemu inayoamua masafa, ni simple_ondemand, sampuli kila milisekunde 100. Nimeweka na runtime PM ili kifaa kizimwe kikikosa kazi, autosuspend (muda wa kungoja kabla ya kuzima) milisekunde 50. Mwanzoni kerneli ilikuwa inaanguka na "Asynchronous SError Interrupt" (kosa la chipu kushindwa kufikia kifaa) hata sekunde haijaisha tangu video isimame. Nikatia pm_runtime_get_sync ndani ya get_dev_status (funksheni inayotoa takwimu za kazi) na ndani ya target (inayobadilisha masafa). SError ikakoma, ila kifaa kikawa kinaamka na kulala mfululizo hata pasipo video. Nikaita devfreq_suspend_device kwenye runtime_suspend. Hapo kuamka-amka kukaisha, lakini baada ya saa moja au mbili kila kinachogusa video kinaganda na dmesg inalalamika kuwa kworker (uzi wa kazi za ndani za kerneli) imekwama zaidi ya sekunde 120. Na hata isipoganda, kila ikitoka usingizini video huanza kwa kukwamakwama. Nimekosea wapi?

Jibu

Marahaba. Safari hiyo naijua kituo kwa kituo, maana wengi tumeipita kwa mpangilio huohuo: kwanza SError, kisha dawa ya SError inayozaa kero, kisha dawa ya kero inayozaa mkwamo. Unaona makosa kadhaa lakini mzizi ni mmoja. Umeipa devfreq ruhusa ya kukiamsha kifaa, na ruhusa hiyo haikustahili kuwa nayo.

Fikiria daladala. Konda anahesabu abiria, anajua kama gari limejaa au linatembea tupu, na ndiye anayegonga bati dereva aongeze mwendo au apunguze. Lakini ufunguo hauko kwake. Gari likiwa limezimwa gereji, konda anaweza kusema kesho tutakimbia, na neno lake likakumbukwa. Hawezi kuwasha injini ili ahesabu abiria ambao hawamo. Devfreq ni konda. Runtime PM ndiyo iliyoshika ufunguo.

Kerneli yenyewe haikulazimishi kufuata mpango huo. Runtime PM iliingia kwenye 2.6.32 mwishoni mwa 2009, kazi ya Rafael Wysocki. Devfreq ilikuja baadaye, kwenye 3.2 ya Januari 2012, ikiletwa na MyungJoo Ham wa Samsung. Ni mifumo miwili iliyozaliwa mbalimbali, na kiini cha devfreq hakiulizi kama kifaa kimelala kabla ya kuita funksheni zako. Muda wa sampuli ukifika, gavana (ndivyo wanavyomwita, ingawa huyu hana msafara wa magari) anaomba takwimu, anakokotoa, anaita target. Kuwapatanisha ni mzigo wa mwandishi wa draiva.

Ndiyo maana ya SError yako ya kwanza. Umeme wa kifaa ulishakatwa, gavana akaja kusoma rejista ya hesabu, kwenye basi (njia ya data ndani ya chipu, si daladala) hapakuwa na wa kuitika. Chipu yako angalau inapiga kelele. Zipo ambazo basi linaganda kimya na unabaki unatazama skrini iliyokufa bila hata mstari mmoja wa ujumbe.

Kero ya pili nayo ni rahisi kuiona ukishaihesabu. Kila milisekunde 100 gavana anauliza, draiva inakiamsha kifaa, inasoma hesabu, inakuta sifuri, na milisekunde 50 baadaye kifaa kinalala tena. Mara kumi kwa sekunde unamwamsha mtu kumuuliza kama amelala. Betri ndiyo inayolipa.

Mkwamo ndio unaohitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu msimbo wako ukiusoma mstari kwa mstari kila kitu kinaonekana sawa. Chukua nyuzi mbili. Uzi wa kwanza ni wa runtime PM. Milisekunde 50 zimekwisha, kerneli inabadilisha hali ya kifaa kuwa RPM_SUSPENDING na kuita runtime_suspend yako. Humo unaita devfreq_suspend_device, nayo inamwambia gavana asimamishe sampuli. Ili asimame kweli, inabidi kwanza apate kufuli la devfreq, kisha aifute kazi iliyo kwenye foleni. Na kama kazi hiyo tayari inakimbia, cancel_delayed_work_sync husubiri mpaka imalizike.

Uzi wa pili ndio kazi hiyohiyo. Sekunde ileile sampuli imefika, devfreq_monitor imeshika kufuli la devfreq na imeingia get_dev_status yako. Unaita pm_runtime_get_sync. Runtime PM inatazama hali, inakuta RPM_SUSPENDING, inasema: subiri kwanza kulala kukamilike, ndipo nikiamshe. Uzi unalala hapo.

Sasa wa kwanza anamngoja wa pili amalize sampuli, na wa pili anamngoja wa kwanza amalize kulaza. Ni wazee wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia wewe. Hakuna atakayepita. Kila anayekuja baada yao akitaka kufungua video anapanga mstari nyuma yao, na baada ya sekunde 120, muda ambao kerneli imewekewa kwa kawaida, ndipo khungtaskd, mlinzi wa kerneli anayesaka nyuzi zilizokwama, inapolalamika. Inakuchukua saa nzima kuukuta kwa sababu nyuzi mbili lazima zikutane kwenye upenyo mdogo sana.

Hata lockdep, kikaguzi cha kufuli cha kerneli, haitakuonya, kwani upande mmoja wa kusubiri si kufuli. Ni hali ya kifaa. Njia ya kuuona ni hii: kikiganda, andika herufi w kwenye /proc/sysrq-trigger, kerneli itakumwagia nyuzi zote zilizokwama. Tafuta moja yenye rpm_suspend na devfreq_suspend_device kwenye mfululizo wake, na nyingine yenye devfreq_monitor na rpm_resume. Ukizipata pamoja, umemkamata mwizi na mzigo.

Ushauri utakaoupata haraka ni kubadilisha pm_runtime_get_sync kuwa pm_runtime_get_if_in_use. Funksheni hiyo haiamshi wala haisubiri. Inaangalia tu: kama kifaa kiko macho na kina mtumiaji inakiongezea hesabu na kurudisha 1, la sivyo inarudisha 0 nawe unaondoka. Ni ushauri mzuri, na mkwamo utaisha. Lakini kwenye target unakuachia tundu jingine. Kama target imeitwa wakati kifaa ndiyo kinaamka, hali ni RPM_RESUMING, utapewa 0 na kuondoka, wakati runtime_resume imeshasoma masafa ya zamani na inaendelea nayo. Devfreq inaamini kifaa kiko 400 MHz. Kifaa kiko 600.

Kuna jambo lingine watu hulisahau. Ukiisimamisha devfreq unakuwa umesimamisha sampuli tu. Target bado ina milango mingine. Mtu akiandika kwenye min_freq au max_freq ndani ya sysfs (faili za mipangilio za kerneli), target huitwa palepale, kifaa kiwe macho au kimelala. Mfumo wa joto ukishusha kikomo cha masafa kwa kupitia PM QoS (utaratibu wa kerneli wa kuomba vikomo), vivyo hivyo. Na kama jedwali lako la OPP, yaani ile orodha ya jozi za masafa na volteji zilizoruhusiwa, lina alama ya opp-suspend, basi devfreq_suspend_device yenyewe itaita target kutoka ndani ya runtime_suspend yako. Ukiwa na pm_runtime_get_sync humo, uzi mmoja unajisubiri wenyewe. Hapo hata wa kumlaumu hayupo.

Kwa hiyo dawa ninayoipenda ni kuiondoa runtime PM kabisa kwenye target. Draiva iwe na kufuli lake, masafa yanayotakiwa, na alama moja ya kusema kifaa kinawaka au la. Draiva ya msm ya GPU za Adreno imefuata wazo hilohilo: target yake inapewa habari kwamba kifaa kimelala, inaandika masafa tu ili kikiamka kianze na kasi sahihi, na umeme haiugusi. Kwako itakuwa hivi (kv ni jina la mfano la draiva yako):

```c
static int kv_target(struct device *dev, unsigned long *freq, u32 flags)
{
	struct kv *kv = dev_get_drvdata(dev);
	struct dev_pm_opp *opp;
	int ret = 0;

	opp = devfreq_recommended_opp(dev, freq, flags);
	if (IS_ERR(opp))
		return PTR_ERR(opp);
	dev_pm_opp_put(opp);

	mutex_lock(&kv->kufuli);
	kv->masafa = *freq;        /* ombi huandikwa siku zote */
	if (kv->kinawaka)          /* chuma huguswa kikiwa macho tu */
		ret = dev_pm_opp_set_rate(dev, *freq);
	mutex_unlock(&kv->kufuli);

	return ret;
}

static int kv_runtime_suspend(struct device *dev)
{
	struct kv *kv = dev_get_drvdata(dev);

	if (kv_kuna_kazi(kv))
		return -EBUSY;

	devfreq_suspend_device(kv->devfreq); /* bila kufuli mkononi */

	mutex_lock(&kv->kufuli);
	kv->kinawaka = false;
	dev_pm_opp_set_rate(dev, 0);
	mutex_unlock(&kv->kufuli);

	kv_zima(kv);
	return 0;
}

static int kv_runtime_resume(struct device *dev)
{
	struct kv *kv = dev_get_drvdata(dev);
	int ret = kv_washa(kv);

	if (ret)
		return ret;

	mutex_lock(&kv->kufuli);
	ret = dev_pm_opp_set_rate(dev, kv->masafa);
	kv_hesabu_upya(kv);
	kv->kinawaka = !ret;
	mutex_unlock(&kv->kufuli);

	if (ret) {
		kv_zima(kv);
		return ret;
	}

	devfreq_resume_device(kv->devfreq);
	return 0;
}
```

Usisahau kuipa kv->masafa thamani ya initial_freq wakati wa probe (draiva inapoanza), la sivyo usingizi wa kwanza utaamka na ombi la sifuri.

Angalia mahali pawili. Kwanza, devfreq_suspend_device imeitwa nje ya kufuli lako. Ukiiita ukiwa umelishika, umerudisha mkwamo uleule kwa jina jipya: wewe una kufuli lako na unangoja la devfreq, sampuli ina la devfreq na inangoja lako. Mimi mwenyewe nililifanya kosa hili kwenye kazi moja ya mkataba, nikakaa wikendi nzima na waya wa serial nikiilaumu chipu, kumbe nilihamisha mstari mmoja juu ili msimbo "upendeze". Pili, ukaguzi wa kazi uko juu kabisa. Ukisimamisha devfreq kwanza halafu ukarudisha -EBUSY ("nina kazi, siwezi kulala"), hesabu ya kusimamishwa inabaki imepanda, hakuna anayeishusha, na masafa yanaganda pale yalipo mpaka uwashe mashine upya. Hesabu hiyo inahitaji kila kusimamisha kupate kurejesha kwake, kwa kuwa mashine nzima ikilala kerneli nayo huzisimamisha devfreq zote kupitia mlango huohuo.

Ile dev_pm_opp_set_rate yenye sifuri si pambo. Umeme unaoliwa wakati wa kazi unafuata masafa mara volteji kipeo cha pili, na kwa kifaa kilichozimika masafa hayana tena maana. Volteji bado inayo, kama njia ya umeme inatumiwa na vifaa vingine. Ukilala huku ombi lako la volteji ya juu bado liko mezani, njia nzima inabaki juu kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Sifuri inaachilia njia ya umeme kwa upande wako na kuondoa ombi lako la kiwango cha utendaji. Nimewahi kupima bodi ambayo kifaa kilikuwa kimelala kweli, runtime_status inasema suspended, na mita haikushuka hata kidogo. Sababu ilikuwa hii.

Tuje kwenye kukwamakwama kwa video, ambako hakuna uhusiano na kufuli. Ni hesabu mbovu. Simple_ondemand anaangalia uwiano wa busy_time kwa total_time. Ukipita asilimia 90, anaomba masafa ya juu kabisa. Ukiwa kati ya 85 na 90 anayaacha yalivyo. Ukiwa chini anazidisha masafa ya sasa kwa uwiano huo na kugawa kwa takriban 0.88. Sasa tuseme kifaa kimelala sekunde 4, kikaamka, kikafanya kazi milisekunde 40 kati ya 60. Kama total_time yako ni muda wa ukutani tangu sampuli iliyopita, uwiano ni 40 kwa 4,060, yaani asilimia 1. Kutoka 600 MHz gavana anafikia takriban 7 MHz, na devfreq inachagua masafa ya chini kabisa kwenye jedwali. Fremu za kwanza zinachelewa mpaka sampuli inayofuata isahihishe. Ukianza hesabu upya wakati wa kuamka, uwiano ni 40 kwa 60, gavana anapata takriban 455 MHz, na jedwali linampandisha kwenye OPP ya juu yake. Ndiyo kazi ya kv_hesabu_upya. Usingizi usiingie kwenye hesabu ya uvivu. Kifaa hakikuwa kinazembea, kilikuwa kimezimwa.

Na kama unaweza, acha kabisa kusoma rejista ndani ya get_dev_status. Draiva ya panfrost ya GPU za Mali, iliyoingia kwenye 5.2 mwaka 2019, inahesabu kwa saa ya kerneli: kazi ikipelekwa inaandika muda, intarapti ya kumaliza ikija inaandika muda, na gavana akiuliza anapewa jumla zilizokwisha kuwekwa. Hakuna umeme unaohitajika kujibu swali. Kama kifaa chako kinatoa intarapti mwisho wa kila fremu, basi njia hii inakufaa moja kwa moja. Kwao sampuli ni kila milisekunde 50 na autosuspend ni milisekunde 50, takriban fremu tatu, na wameshusha ile asilimia 90 hadi 45 kwa sababu kwa michoro ukingoja mpaka kifaa kijae umeshachelewa. Kwa video anza karibu na hapo halafu pima mwenyewe.

Mtego mmoja humo: devfreq ikija kuuliza kifaa kikiwa kimelala, usirudishe takwimu zenye sifuri tupu. Simple_ondemand akikuta total_time ni sifuri anaogopa kugawa kwa sifuri na anaomba masafa ya juu kabisa. Mtu ameandika max_freq kwenye sysfs usiku wa manane, kifaa kimelala, na asubuhi kinaamka kwa kasi ya mwisho bila sababu. Mpe sampuli ya mwisho uliyohifadhi.

Kuondoa draiva nako kuna shimo. Ukitumia devm_devfreq_add_device (devm ni utaratibu wa kerneli wa kuachilia vitu vyenyewe), devfreq itaondolewa baada ya remove yako, funksheni ya kuondoa draiva, kumaliza, si kabla. Kama remove inakata kloki na umeme kwa mkono, kuna dirisha ambamo sampuli inaweza kuja juu ya chuma kilichokufa, na SError yako ya siku ya kwanza inarudi kila ukifanya rmmod. Ama uiondoe devfreq mwenyewe mwanzoni mwa remove, ama kila kinachozimwa kizimwe kwa devm ili mpangilio ujigeuze wenyewe.

Kabla hujaniandikia tena, ijaribu kwa nguvu, si kwa kuangalia video. Weka autosuspend_delay_ms iwe 1 na polling_interval iwe 1, washa matukio ya rpm na devfreq kwenye tracefs, kisha endesha vitu viwili kwa pamoja: skripti inayotuma fremu moja na kupumzika milisekunde 3, na nyingine inayobadilisha max_freq bila kukoma. Draiva yako ya sasa sitegemei ivumilie hata dakika kumi. Hii mpya iache usiku kucha. Asubuhi soma trans_stat uone muda uliotumika kwenye kila masafa, kisha usimamishe skripti zote mbili, subiri sekunde mbili, na usome runtime_status. Ikisema active, kuna mahali umeita get bila put. Anza kutafuta kwenye njia za makosa, pale unaporudi mapema fremu ikiwa mbovu.